Matone ya Damu ya Kisigino: Ushauri kwa Wazazi na Wahudumu wa Afya wa Bukundi

Miongoni mwa magonjwa yanayomkabili mtoto mchanga yapo ambayo hayamwingii kutoka nje, kama malaria au kuhara, bali anazaliwa nayo, na kwa siku chache za kwanza, wakati mwingine kwa miezi kadhaa, hayaonyeshi dalili ambayo mama, mkunga au hata daktari mzoefu angeweza kuibaini kwa macho. Sehemu kubwa ya magonjwa hayo ni ya umetaboli, yaani kazi ya mwili ya kuvunja chakula, kutoa nguvu ndani yake na kuondoa mabaki. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, na kila kimeng'enya hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni ambazo mtoto amerithi kwa baba na mama. Kimeng'enya kimoja kikikosekana, kitu ambacho kingevunjwa hurundikana katika damu hadi kikawa sumu, au kitu ambacho kingetengenezwa hukosekana, na mtoto aliyezaliwa na uzito mzuri huanza kudhoofika bila mtu kujua sababu. Akiwa tumboni mama ndiye aliyekuwa akimsafishia damu kupitia kondo la nyuma, na hiyo ndiyo sababu ya yeye kuzaliwa akiwa mzima.

Njia ya kuyagundua magonjwa hayo mapema ilifunguliwa na daktari Robert Guthrie wa Marekani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alionyesha kwamba matone machache ya damu ya kisigino, yakikaushwa juu ya karatasi nene ya kuchujia, yanatosha kupima fenilketonuria. Huo ni ugonjwa ambao asidi amino iitwayo fenilalanini hurundikana na kuharibu ubongo, na ulikuwa umetambuliwa na Asbjørn Følling huko Norway mwaka 1934. Kipimo cha Guthrie kilitegemea bakteria ambao huota pale tu penye fenilalanini nyingi, hivyo kila ugonjwa ulihitaji kipimo chake na kila kipimo kilihitaji kipande chake cha karatasi. Karatasi yenyewe, hata hivyo, imedumu kuliko kipimo. Ndiyo hiyohiyo inayotumika leo katika kliniki za Tanzania kuchukulia damu ya watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI, ambayo wauguzi wengi huiita kwa kifupi DBS, na mama wa Bukundi aliyewahi kuona mtoto akichomwa kisigino na damu yake kudondoshwa kwenye viduara vya karatasi nyeupe ameshaiona nusu ya teknolojia inayozungumzwa hapa.

Nusu ya pili ni mtambo uitwao spektrometa ya masi, ulioanza kutumika kwa damu ya watoto wachanga katika miaka ya 1990 kutokana na kazi ya David Millington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke. Maabara hukata kipande cha duara chenye upana wa milimita 3 hivi kutoka kwenye doa la damu, kiasi ambacho hubeba takribani mikrolita 3 tu, hukitia katika methanoli ili kutoa kemikali zilizomo, kisha hupuliza majimaji hayo ndani ya mtambo yakiwa yametiwa chaji ya umeme. Kila molekuli iliyochajiwa, yaani ioni, hupita katika chumba cha kwanza kinachoichambua kwa kadiri ya uzito na chaji yake, huingia katika chumba cha pili ambamo hugongwa na gesi na kuvunjika, na vipande vyake huchambuliwa tena katika chumba cha tatu. Kwa mfano, fenilalanini huingia ikiwa na alama 166 na kutoka ikiwa na kipande chenye alama 120, na mtambo unapoiona jozi hiyo hauna haja ya kubahatisha. Ili kujua wingi wake, maabara hutanguliza ndani ya methanoli fenilalanini ya kutengenezwa iliyoongezewa uzito kidogo, ambayo kiasi chake kinajulikana, kisha hulinganisha mbili hizo. Kazi yote humalizika kwa dakika 2 au 3 kwa kila mtoto, na katika muda huo hupimwa si fenilalanini peke yake bali asidi amino nyingi kwa pamoja, pamoja na asilikanitini, ambazo ni mafuta yaliyofungwa na kitu kiitwacho kanitini na ambazo huonyesha kama mwili unashindwa kuunguza mafuta ili kupata nguvu. Hivyo doa moja la damu linaweza kueleza habari za magonjwa zaidi ya 30.

Yafaa kueleza mapema kile ambacho mtambo huo hauoni, maana matangazo ya hospitali za kulipia hayana kawaida ya kukitaja. Upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi, ugonjwa unaodumaza akili na ambao hutibika kwa kidonge cha bei nafuu ukigunduliwa katika wiki za kwanza, hupimwa kwa njia nyingine kabisa, ingawa damu yake yaweza kutoka kwenye karatasi hiyohiyo. Galaktosemia, ambayo humfanya mtoto ashindwe kuitumia sukari ya maziwa, nayo hupimwa kwa kuangalia kimeng'enya chenyewe. Na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ulioenea katika nchi zenye malaria, ni hivyohivyo. Mzazi anayelipia kipimo cha mtoto mchanga mjini anashauriwa kuuliza ni magonjwa gani yaliyomo katika orodha na kwa njia ipi, wala asiridhike na idadi kubwa iliyoandikwa kwenye kipeperushi.

Tanzania haina mpango wa taifa wa kumpima kila mtoto mchanga kwa spektrometa ya masi, na mkazi wa Bukundi, kata ya Wilaya ya Meatu iliyo mbali na Bariadi yalipo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, hapaswi kuambiwa kwamba huduma hiyo inamsubiri zahanatini. Ukweli huo haumaanishi kwamba hakuna la kufanya. Kanda ya Ziwa ina ugonjwa wa kurithi ambao kwa wingi wake unayapita yote yaliyomo katika orodha za Ulaya, ambao hugunduliwa kwa karatasi hiyohiyo, na ambao dawa zake za msingi zinajulikana. Nao ni selimundu, ambao wengi huuita siko seli.

Selimundu si ugonjwa wa umetaboli kwa maana kamili, kwa kuwa kasoro yake imo katika hemoglobini, protini inayobeba hewa ya oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Lakini unarithiwa kwa namna ileile, unajificha kwa namna ileile, na hugunduliwa kutoka kwenye doa lilelile la damu kavu. Baadhi ya maabara za Uingereza huupima kwa spektrometa ya masi baada ya kuikatakata hemoglobini kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, ingawa njia zilizoenea zaidi hutenganisha aina za hemoglobini kwa umeme au kwa mfereji wa kemikali, na kwa mahitaji ya Meatu hizo zinatosha. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, watafiti walizichukua karatasi za damu zilizokuwa zimeletwa kutoka mikoa ya kaskazini magharibi kwa ajili ya kipimo cha VVU cha watoto wachanga, wakazipima upya kwa ajili ya selimundu, na matokeo ya sampuli 17,200 yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba asilimia 1.2 ya watoto walikuwa na ugonjwa na asilimia 20.3 walikuwa wabebaji, yaani wenye jeni moja ya ugonjwa na jeni moja ya kawaida. Uganda ilikuwa imetangulia kutumia mbinu hiyo kwa sampuli zake za nchi nzima, ikapata asilimia 0.7 ya wagonjwa na asilimia 13.3 ya wabebaji. Katika Dar es Salaam, mradi wa majaribio wa Muhimbili uliopima watoto wachanga 3,981 kati ya mwaka 2015 na 2016 ulikuta wagonjwa 31. Kanda ya Ziwa imezipita zote mbili.

Takwimu hizo zinaweza kuhakikiwa na mtu yeyote kwa hesabu ya shule ya msingi. Ikiwa mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji, basi uwezekano wa mbebaji kuoana na mbebaji ni ndoa moja kati ya 25. Na kwa kuwa wazazi wawili wabebaji wana uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kupata mtoto mgonjwa katika kila mimba, jumla yake ni mtoto mmoja kati ya 100. Zahanati inayozalisha akina mama 300 kwa mwaka itarajie, kwa wastani, watoto 3 wa namna hiyo kila mwaka, wawe wametambuliwa au wasitambuliwe. Kwa kawaida hawatambuliwi, kwa sababu mtoto wa selimundu anayefariki akiwa na miezi 10 kwa homa huandikwa kuwa amefariki kwa homa.

Neno "kila mimba" lahitaji mkazo, kwani familia nyingi hudhani kwamba mtoto wa kwanza akishaugua basi zamu imekwisha. Haiko hivyo, mimba ya pili haina habari na ya kwanza. Aidha, mbebaji mwenyewe haumwi, na kwa kweli jeni moja ya selimundu humpunguzia mtoto hatari ya malaria kali, jambo ambalo ndilo lililoifanya jeni hiyo idumu katika nchi za mbu. Wakazi wa Usukuma wameishi siku zote na mfano mwingine wa urithi wa aina hii, kwani mtu mwenye ualbino mara nyingi huzaliwa na wazazi wote wawili wenye rangi ya kawaida ambao kila mmoja amebeba jeni moja bila kujua. Katika ualbino, katika selimundu na katika magonjwa mengi ya umetaboli, mtoto amepokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ukoo unaomrudisha mke kwao kwa sababu ya watoto wanaougua unamwadhibu mmoja kwa jambo ambalo wawili wamelichangia sawasawa, na muuguzi anayetoa majibu anashauriwa kuwaita wazazi wote wawili pamoja, ili baba asije akayasikia nusu kwa mdomo wa mtu mwingine.

Kwa mzazi, hatua ya kwanza ni kuuliza. Mama anapohudhuria kliniki ya ujauzito, na tena anapompeleka mtoto kwenye chanjo ya wiki ya 6, anaweza kumuuliza muuguzi kama kituo kinapima selimundu kwa watoto wachanga au kinaweza kumwelekeza kwenye Hospitali ya Wilaya iliyopo Mwanhuzi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bariadi, au Bugando. Swali hilo lina uzito zaidi pale ambapo mtoto mwingine wa familia, awe wa mama huyohuyo au wa mama mwingine kwa baba yuleyule, amewahi kuongezewa damu mara kwa mara, amewahi kuvimba vidole vya mikono na miguu bila kuumia, au amefariki kabla ya kutimiza miaka 5 bila sababu kuelezwa. Hapa pana mtego mmoja ambao wahudumu wanapaswa kuujua. Kile kipimo cha zamani cha kuangalia kwa darubini kama chembe za damu zinajikunja kama mundu hakifai kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa kuwa damu yake bado imejaa hemoglobini ya kichanga ambayo huficha ugonjwa, na jibu la "hana" linaweza kuwa la uongo. Kwa upande mwingine, kipimo hicho hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa. Mtoto mchanga apimwe kwa njia inayotenganisha aina za hemoglobini, au kwa vile vipimo vipya vya papo hapo vya ukanda vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo. Mzazi aliyeambiwa mtoto "ana siko seli kidogo" ana haki ya kuuliza kama maana yake ni mbebaji au mgonjwa, kwa sababu hakuna ugonjwa wa kidogo.

Jibu likithibitisha ugonjwa, kinachofuata si huzuni peke yake. Mtoto huanzishiwa penisilini ya kunywa, mara 2 kwa siku, akiwa na umri wa miezi 2 hadi 3, na huendelea nayo hadi walau miaka 5, kwa sababu wengu wake, kile kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto kinachochuja damu, huharibika mapema na kumwacha bila kinga dhidi ya bakteria wa nimonia na uti wa mgongo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1986 ulisitishwa kabla ya muda wake baada ya kuonekana kwamba penisilini hiyo imepunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84, na hapo ndipo wazo la kupima watoto wachanga lilipopata nguvu, kwani utafiti huo ulithibitisha kwamba kuwahi kuna thamani ya maisha. Chanjo zote za ratiba, ile ya nimokoko hasa, zisikosekane, mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku, na dawa ya kuzuia malaria pamoja na foliki asidi zitolewe kadiri mtaalamu anavyoelekeza. Haidroksiurea, dawa inayoongeza ile hemoglobini ya kichanga, ilijaribiwa kwa watoto 606 wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vyote vilipungua. Dawa hiyo huhitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo haifai kununuliwa dukani na kutumiwa kwa kukisia.

Jambo moja katika huduma hii halihitaji dawa wala umeme. Huko Jamaica, akina mama walifundishwa kupapasa tumbo la mtoto upande wa kushoto, chini ya mbavu, ili wautambue wengu unapovimba ghafla kwa kujaa damu, hali inayoweza kumuua mtoto ndani ya saa chache, na mafunzo hayo yalipunguza vifo vitokanavyo na hali hiyo kwa kiasi kikubwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumfundisha mama jambo hilo nyumbani kwake kwa muda mfupi: mtoto alazwe chali akiwa ametulia, vidole vianzie usawa wa kitovu na kupanda taratibu kuelekea mbavu za kushoto, na mama akumbuke ukubwa anaousikia leo ili ajue umebadilika kesho. Wengu ukiongezeka, na mtoto akawa mweupe viganjani na mlegevu, safari ya hospitali haisubiri asubuhi.

Kuhusu magonjwa ya umetaboli yenyewe, ambayo kwa sasa hayapimwi mapema Bukundi, mzazi na mhudumu wanabaki na kazi ya kuzijua dalili. Sura yake ya kawaida ni hii: mtoto alizaliwa vizuri, akanyonya vizuri siku ya kwanza na ya pili, kisha kuanzia siku ya tatu au katika wiki za mwanzo akaanza kukataa titi, kutapika, kulala kupita kiasi, kupumua haraka bila homa, kulegea au kukakamaa, na mwishowe kupata degedege. Mara chache mkojo au jasho lake hutoa harufu isiyo ya kawaida, kama ya sukari iliyoungua katika ugonjwa mmoja, au kama ya miguu yenye jasho katika mwingine. Dalili hizo, ukiacha harufu, ndizo hizohizo za maambukizi ya damu kwa mtoto mchanga, na hakuna awezaye kuzitofautisha kwa macho. Kwa hiyo mtoto apelekwe hospitalini siku hiyohiyo, atibiwe maambukizi bila kuchelewa, na sukari yake ya damu ipimwe papo hapo, kwani sukari kushuka ni moja ya alama za magonjwa hayo na pia ni kitu kinachotibika kituoni. Kumpeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji kwa sababu degedege linahesabiwa kuwa jambo la mashetani, au kumnywesha dawa za mitishamba za mchango, humpotezea saa ambazo hana. Mtoto wa pili au wa tatu anayefariki kwa mtindo huohuo katika familia moja ni taarifa muhimu mno, na mama anapaswa kuitamka kwa daktari hata kama hakuulizwa. Daktari naye, akiwa hana njia ya kupima, anaweza kudondosha damu ya mtoto huyo kwenye karatasi ya kuchujia na kuikausha kabla hajafariki, ili jibu lipatikane baadaye kwa ajili ya mimba zijazo. Mzazi asimwachishe mtoto maziwa ya mama kwa kushuku tu kwamba hayamfai. Magonjwa yanayohitaji hivyo ni machache, na katika mazingira ya Meatu kumwachisha mtoto titi bila sababu iliyothibitishwa ni hatari kubwa kuliko ugonjwa unaoshukiwa.

Kwa upande wa wauguzi na wakunga, ubora wa jibu huamuliwa zaidi kituoni kuliko maabara. Kwa magonjwa ya umetaboli damu huchukuliwa baada ya saa 24 za kwanza, na mipango mingi hupendelea kati ya saa 48 na 72, kwa kuwa kabla ya mtoto kunyonya vya kutosha zile kemikali hazijarundikana na jibu linaweza kumtakasa mgonjwa. Desturi ya mama kuruhusiwa kurudi nyumbani siku ileile ya kujifungua ndiyo inayoleta tabu hapa, na jibu la busara ni kuiunganisha damu hiyo na hudhurio la baada ya kujifungua la siku ya tatu. Kwa selimundu muda si tatizo, hata siku ya kwanza yafaa, ilimradi mtoto hajaongezewa damu ya mtu mwingine.

Kisigino kipashwe joto kwa kitambaa cha uvuguvugu, kisafishwe kwa spiriti na kuachwa kikauke, kisha kichomwe pembeni, upande wa ndani au wa nje wa unyayo, kamwe si katikati wala nyuma penye mfupa, kwa kina kisichozidi milimita 2. Tone la kwanza lifutwe. Tone la pili liachwe likue hadi litake kudondoka lenyewe, ndipo karatasi iguswe nalo mara moja, upande mmoja tu, mpaka damu ijaze duara na kuonekana nyuma. Kukamua kisigino huchanganya damu na majimaji ya mwilini na kuizimua. Kurudia tone juu ya tone huweka tabaka ambalo mtambo hulisoma kama ugonjwa. Kushika duara kwa kidole huacha jasho na mafuta. Karatasi hukaushwa ikiwa imelazwa bapa na kuinuliwa isiguse meza, kwa saa 3 hadi 4, kivulini. Hapa Simiyu pana kishawishi cha kuianika juani ili ikauke upesi, hasa kiangazi ambapo hewa yenyewe ni kavu na kazi ni nyingi, lakini jua na joto huua vimeng'enya na kuivuruga hemoglobini, na vumbi la barabarani linalopita dirishani hutosha kuharibu sampuli. Ikishakauka hutiwa katika mfuko wa plastiki unaofungika pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na haikai kituoni wiki nzima ikisubiri nyingine zijae.

Umbali si hoja ya kukata tamaa. Qatar ilipoanzisha mpango wake wa spektrometa ya masi mwezi Desemba 2003 haikuwa na maabara yake, ikawa inasafirisha karatasi kwa ndege hadi Heidelberg, Ujerumani, na kwa njia hiyo iligundua kwamba homosistinuria, ugonjwa ulio nadra sana kwingineko duniani, humpata mtoto mmoja kati ya takribani 1,800 wa nchi hiyo. Ikiwa karatasi zimeweza kutoka Doha hadi Heidelberg, basi njia ya kutoka Bukundi kwa pikipiki hadi Mwanhuzi, na kutoka hapo kwa basi hadi Mwanza, haiwezi kuitwa kikwazo cha kisayansi, na karatasi za VVU zimeshaipita. Tofauti ni kwamba Qatar ilipanga pia jinsi jibu litakavyorudi.

Mfano huohuo una onyo ndani yake. Orodha ya magonjwa haiazimwi kutoka nchi nyingine kama ilivyo, maana kila jamii ina magonjwa yake. Fenilketonuria, iliyozaa sayansi hii yote, ni nadra sana miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika, ilhali Afrika Kusini imegundulika kuwa na asidiuria ya glutariki ya aina ya kwanza na galaktosemia kwa kiwango cha kushangaza miongoni mwa raia wake Weusi, kila moja ikiwa na badiliko lake la jeni linalojirudia. Kununua spektrometa ya masi kwa ajili ya Kanda ya Ziwa kabla ya kujua ni magonjwa yapi yaliyopo kungekuwa ni kutanguliza bei mbele ya swali, na njia ya gharama ndogo ya kulijibu swali hilo ni ileile iliyotumiwa Bugando kwa selimundu, yaani kuzipima upya karatasi ambazo tayari zimekusanywa, kwa idhini inayostahili. Hadi hapo, mtoto wa Bukundi atanufaika zaidi na mpango wa selimundu unaofanya kazi kuliko na mtambo wa fahari uliokosa vitendanishi.

Linabaki suala la kumpata mtoto baada ya jibu kutoka, ambalo mipango mingi huliacha hadi mwisho na ndipo hushindwa. Kupigiwa simu kwamba damu irudiwe si hukumu. Kipimo cha aina hii huchuja tu, na watoto wengi wanaoitwa mara ya pili hukutwa hawana kitu, lakini wazazi wasioelezwa hilo mapema ama huingiwa na hofu ama hukataa kurudi. Meatu ni nchi ya wafugaji, ambamo familia inaweza kuhama na ng'ombe kwa miezi kadhaa kutafuta malisho na maji, na simu ya baba huwa haipatikani au hubadilishwa laini. Kwa hiyo fomu inayoambatana na karatasi isiishie kwenye jina la mama na kijiji; iandikwe kitongoji, jina la mwenyekiti wa kitongoji, namba ya simu ya jirani mwenye makazi ya kudumu, na mahali familia inapokwenda kiangazi. Rejesta ya kituo iwe na safu ya tarehe sampuli iliyotoka na safu ya tarehe jibu lililorudi, na mganga mfawidhi aipitie kila Ijumaa, akitafuta mistari ambayo safu yake ya pili bado ni tupu baada ya wiki 4, ili mhudumu wa jamii apelekewe majina hayo kabla mtoto hajafikisha miezi 3, umri ambao penisilini inapaswa kuwa imekwisha anza.